Ukiwa Uganda na una la kusema: WhatsApp, Facebook, X, TikTok, YouTube au tovuti yako?

Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilifuta kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya mtu mhalifu kwa kuchapisha habari ya uongo. Waliokipinga kifungu hicho walikuwa waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Majaji walisema kauli haipotezi ulinzi wa Katiba eti kwa kuwa mwingine anaiona ni ya uongo, ina makosa au inaudhi. Leo ukiweka kauli ya namna hiyo kwenye mtandao wa kampuni yenye makao California, kampuni inaweza kuifuta kwa dakika chache, na hukumu ile ya 2004 haitakusaidia kuirudisha.

Kinyume chake nacho kipo. Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka sita kwa video alizoweka TikTok akimsema vibaya Rais na familia yake. Kufutwa na kampuni ni jambo moja, kufungwa na serikali ni lingine, na neno lililopita kwa mmoja linaweza kukwama kwa mwenzake.

Kwa hiyo anayeniuliza mtandao upi una uhuru zaidi, humrudishia swali. Uhuru wa kusema nini, kwa nani, na siku ukinyang'anywa ukurasa utabaki na nani? Ninaowaandikia hapa ni watu wa kawaida: mwalimu wa Kiswahili wa Arua anayetaka kufundisha kwa video, akina mama wa chama cha wafanyabiashara wa mpakani Busia, vijana wa Kisenyi wenye ukurasa wa habari za mtaa, Wakongomani wa kambi ya Nakivale wanaopashana habari za nyumbani. Wakubwa wana mawakili wao.

Katiba inamfunga nani

Tukifungiwa akaunti, wengi wetu husema haki yetu ya kujieleza imevunjwa. Kwa sheria ya Marekani, zinakotoka nyingi ya kampuni hizi, malalamiko hayo hayafiki mbali. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaizuia serikali kubana usemi. Kampuni binafsi hayaigusi. Taasisi iitwayo Prager University iliishtaki Google kwa kuwa YouTube ilizuia baadhi ya video zake zisionekane na watazamaji wadogo na ikazinyima matangazo. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema YouTube, hata iwe kubwa kiasi gani, si serikali. Mwaka 2024, katika kesi ya Moody dhidi ya NetChoice, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasogea mbele zaidi, ikasema kuchagua kipi kionyeshwe na kipi kiondolewe kunaweza kuwa usemi wa kampuni yenyewe. Wewe unakwenda na haki yako ya kusema, wao wanakuja na yao. Tena kuna kifungu cha 230 cha sheria yao ya 1996: kampuni haihesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno yako, na inalindwa pia inapoyaondoa kwa nia njema.

Katiba yetu ya 1995 ina upana kidogo. Ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kusema na kujieleza. Ibara ya 20 inataka haki ziheshimiwe na vyombo vyote vya serikali na pia na watu wote, na kampuni nayo kisheria ni mtu. Mwanasheria mwenye ari angeweza kujenga kesi hapo, na mimi ningefunga safari kwenda kuisikiliza. Lakini mwenye ukurasa mdogo asiisubiri. Masharti ya matumizi tunayoyakubali bila kuyasoma mara nyingi yanapeleka ugomvi kwenye mahakama za California, na X tangu Novemba 2024 inaupeleka Texas. Nani atatoka Koboko akadai ukurasa wake Texas?

Upande wa serikali, kumbuka Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kifungu chake cha 25, kilichozungumzia mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Wakati huo Bunge lilikuwa limeshaifanyia sheria hiyo marekebisho, Rais akayatia saini Oktoba 2022, yakaongeza makosa ya maneno ya chuki, taarifa za nia mbaya, na kutumia mitandao kwa jina la kujificha. Marekebisho hayo nayo yalipingwa mahakamani, kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa wa jina la bandia muulize wakili ni vifungu vipi vimesimama. Sheria hii inakufuata kokote uendako. Hakuna programu ya simu itakayokuficha nayo. Kinachotofautiana kati ya mtandao na mtandao ni upande wa pili: nani anaweza kukuondoa, je, atakwambia sababu, pana pa kukata rufaa, na ukiondoka unaondoka na wasomaji wako au mikono mitupu.

WhatsApp na Telegram

Kwetu mambo mengi huanzia kwenye kundi la WhatsApp, iwe ni harusi, msiba au mkutano wa LC, baraza la mtaa. Ujumbe wa kundi umefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu, hivyo kampuni haisomi mnachoandikiana. Mwenye mamlaka ni admini. Anaweza kufuta ujumbe wa yeyote, kumtoa mtu, au kuweka kundi wazungumze maadmini peke yao. Uhuru wako hapo unaamuliwa na mtu unayemjua kwa jina na kwa nyumba, pengine ni shemeji yako. Mimi naona hilo ni jema kuliko watu wanavyodhani: akikuonea, unajua pa kumkuta. Ubaya ni kwamba maadmini wengi hawana kanuni yoyote iliyoandikwa. Wanamtoa mtu kwa hasira saa nne usiku, na asubuhi ugomvi uko kwa wazee. Kanuni za mistari mitano zikiwekwa kwenye maelezo ya kundi, zikisema nini hakiruhusiwi na nani anaamua, zinazuia mengi.

Kampuni yenyewe huingilia kwa njia nyingine. Namba inayomwaga ujumbe kwa watu wengi wasioijua, au inayoripotiwa mara kwa mara, hufungiwa. Mtu akikuripoti, jumbe zako tano za mwisho kwake hupelekwa WhatsApp, hata kama mlidhani hakuna jicho la tatu. Ujumbe uliokwisha kuzunguka sana hupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa mara moja, mpango uliowekwa ili uvumi usikimbie. Kundi linabeba watu 1,024 na si zaidi.

Lakini siri ya WhatsApp isikulevye. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na mwanakundi mmoja akipiga picha ya skrini akaipeleka kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ile siri ya simu hadi simu imekwisha. Kundi la watu 400 si baraza la ndani.

Chaneli za WhatsApp, zilizokuja 2023, ni kitu tofauti ingawa ziko ndani ya programu ileile. Wafuasi hawana kikomo, ila maneno ya chaneli hayafungwi kwa siri, na mwenye chaneli haoni namba za wafuasi wasiomo kwenye simu yake. Kampuni ikiifunga, hujui hata umpigie nani. Kwenye kundi, namba za watu wako unazo. Tofauti hiyo ndogo, kwangu, inazidi mambo mengine yote niliyoyataja kuhusu WhatsApp.

Telegram inabeba kundi la watu 200,000 na inakuruhusu kuficha namba yako, na kwa hayo mawili imejipatia sifa ya kuwa mtandao wa wakimya na wakorofi. Sifa hiyo imezidi ukweli. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kwa siri simu hadi simu. Yanakaa kwenye seva zao mpaka wewe uchague gumzo la siri, na makundi hayana chaguo hilo. Agosti 2024 mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itatoa namba za simu na anwani za intaneti kwa vyombo vya dola vinavyoomba kwa njia ya sheria. Ukihitaji kundi kubwa mno, nenda. Ukikimbilia siri, baki ulipo.

Facebook na X

Hapa ndipo Uganda ilipotoa mfano ambao dunia nzima inaujadili. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 14 Januari 2021, Facebook ilifuta akaunti na kurasa ilizosema zilitumia utambulisho wa uongo kukuza upande wa serikali, ikazihusisha na kituo cha serikali cha kuwasiliana na wananchi kilicho chini ya wizara ya habari na mawasiliano. Twitter, ambayo sasa ni X, nayo ilifunga baadhi ya akaunti. Tarehe 12 Rais Museveni alijitokeza kwenye televisheni akasema mtandao usiotendea pande zote sawa haufanyi kazi Uganda, na Facebook ikazuiwa. Usiku wa tarehe 13 intaneti yote ilizimwa, ikarudi tarehe 18. Mitandao mingine ilifunguliwa baadaye. Facebook ikaachwa imezuiwa, miaka ikapita.

Watu husimulia kisa hicho kama cha serikali kubana wananchi, na ni hivyo. Lakini kitazame pia kwa upande mwingine: chama tawala kililalamika, kwa maneno yaleyale yanayotumiwa na mwanaharakati aliyefungiwa akaunti, kwamba kampuni ya kigeni imejipa kazi ya kuamua nani aseme na nani anyamaze. Serikali ilikuwa mpangaji aliyetolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Ila mpangaji huyu alikuwa na uwezo wa kufunga barabara iendayo kwa mwenye nyumba, na akaifunga, wapangaji wengine wote wakiwa ndani. Siku chache kabla ya hapo Facebook na Twitter zilimfungia Donald Trump, rais wa nchi zilikozaliwa. Marekani haikufunga barabara; walibishana.

Kwa mtu wa Uganda maana yake ni VPN, programu ya kupitisha intaneti yako pembeni ya kizuizi. Vijana wa mjini wanaiwasha bila kufikiri, lakini mama wa kijijini Yumbe mwenye simu ya hifadhi ndogo na bando la siku moja hataiwasha ili asome tangazo lako. Ukiandikia watu wa Uganda peke yao, Facebook ni mlango unaowataka wasomaji waruke ukuta kwanza. Ukiandikia Waswahili wa Mombasa, Goma na Bujumbura, hesabu inageuka, maana wengi wako huko.

Kwa upande wa kanuni, Facebook inaizidi X kwa uwazi. Kanuni zake ni ndefu na zimeandikwa kwa mifano, makosa yanahesabiwa hatua kwa hatua kabla ya adhabu nzito, na ukishindwa rufaa ya ndani unaweza kupeleka shauri kwenye Bodi ya Uangalizi, iliyoanza kupokea mashauri 2020. Bodi huchagua mashauri machache, lakini ikiamua kuhusu andiko lako, kampuni inalazimika kutii. Ni bodi hiyo iliyoikosoa Facebook 2021 kwa kumfungia Trump bila kusema muda wala kigezo. Udhaifu ni lugha. Kazi ya kukagua maandishi ya lugha za ukanda huu Meta, kampuni mama ya Facebook, iliwahi kuipa kampuni ya Sama jijini Nairobi, hadi kesi zikafunguliwa kuhusu hali za wafanyakazi na Sama ikaacha kazi hiyo 2023. Kiswahili chetu cha Uganda kimechanganyika na Kiganda, Kilugbara na Kilingala, tena kina utani. Neno ambalo Mkakwa anamtania shemeji yake likisomwa na mashine linaweza kuonekana tusi la kabila, na huna wa kumweleza.

X, tangu Elon Musk alipoinunua Oktoba 2022, inasema inapendelea kupunguza kuliko kuondoa. Andiko lako linabaki, ila halisukumwi kwa watu. Kwa mwandishi mdogo sioni tofauti kubwa kati ya kufutwa na kuachwa uzungumze chumbani peke yako, ila ya pili mara nyingi huambiwi. Timu ya Afrika iliyokuwa Accra iliachishwa kazi Novemba 2022.

Hata hivyo X ndiko waliko wabunge, mawaziri, waandishi na mabalozi, na hilo lina uzito wake. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mwanazuoni na mchora vibonzo, aliwaalika watu waweke picha za mashimo ya barabara za Kampala kwenye Twitter, wakaita maonyesho ya mashimo. Picha zikafurika, na Rais akaagiza jiji lipewe shilingi bilioni 6 za kuziba. Picha zilezile kwenye kundi la WhatsApp zingebaki kuwa manung'uniko ya jirani kwa jirani. Kwa mahali pa kuifikia serikali, X haina mpinzani hapa nchini.

Na serikali nayo inakuona. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Desemba 2021 kwa maandishi yake ya Twitter kuhusu Rais na mwanawe Jenerali Muhoozi, akashtakiwa kwa kifungu kilekile cha 25 ambacho mwaka mmoja baadaye kilifutwa. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020, akiwa ameshakaa gerezani muda mrefu. Katika mashauri yote mawili vyombo vya dola vilimfuata mwandishi na kampuni haikuhusika.

Jambo moja la kuchekesha kwa uchungu: Tanzania iliizuia X Mei 2025. Mswahili wa Uganda akiandika X, ndugu yake wa Bukoba anahitaji VPN. Akiandika Facebook, anayehitaji VPN ni jirani yake wa Masaka.

TikTok na YouTube

TikTok inakupa watu haraka. Huhitaji wafuasi, video moja ikishika, watu wa Kampala nzima wameiona kabla ya jioni. Kwa sababu hiyohiyo naiogopa kwa maneno mazito. Hujui itafika kwa nani, mtu huisikia sekunde ishirini bila kujua ulianzia wapi, na ukaguzi unafanywa kwa sehemu kubwa na mashine. Matangazo ya kisiasa ya kulipia hayaruhusiwi kabisa, kwa hiyo mgombea wa udiwani asipange bajeti yake huko. Adhabu za makosa hufutika kwenye rekodi baada ya siku 90, jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui.

YouTube ni ya polepole na inaeleweka. Kosa la kwanza ni onyo. Baada ya hapo pigo la kwanza linakuzuia kupakia kwa wiki moja, la pili kwa wiki mbili, na mapigo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta chaneli. Sababu hutajwa, rufaa ipo. Ila kurasa ndogo za habari mara nyingi huponzwa na hakimiliki kuliko na maneno: wimbo wa nyuma, kipande cha taarifa ya televisheni, mechi. Hayo nayo yana mapigo yake matatu, na hapo anayekuondoa ni mwenye wimbo, kwa kujaza fomu.

Kuhusu shinikizo la serikali, YouTube ina rekodi hapa. Mwishoni mwa 2020, baada ya ghasia za Novemba, UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, iliiandikia Google ikitaka chaneli zaidi ya kumi zifungwe. Google haikukubali kwa barua tu; ilitaka njia ya mahakama. Sisemi itafanya hivyo kila mara, lakini siku ile kampuni binafsi ya kigeni iliwalinda wasemaji wa Uganda kuliko walivyolindwa na ofisi ya nyumbani, na mwenye kuandika ulinganisho wa haki hana budi kulitaja.

Gharama ni ya msikilizaji. Kuanzia Julai 2018 kila aliyetumia mitandao kama WhatsApp na Facebook alilipa shilingi 200 kwa siku. 2021 kodi hiyo ikaondolewa, bando likatozwa asilimia 12. Video ya dakika ishirini inakula bando, na mtu wa Bweyale anaijua bei yake. Somo la Kiswahili la dakika nne lenye picha nyepesi litaangaliwa. Hotuba ya saa nzima watasimuliwa.

Tovuti yako mwenyewe

Wengi huambiwa: ukitaka uhuru, jenga tovuti. Ni kweli kwa nusu. Hakuna wa kukupunguzia wasomaji kimyakimya, hakuna mashine inayosoma utani wako vibaya, na unaweza kuhifadhi nakala ya kila neno ukahamia seva nyingine kwa siku moja. Jina la tovuti ni lako ilimradi ulilipie kila mwaka. Watu wengi hulipoteza kwa kusahau tu, bila kunyamazishwa na mtu.

Lakini seva ni ya kampuni, nayo ina masharti. Januari 2021 Amazon iliutoa mtandao wa Parler kwenye seva zake, ukazimika kwa wiki kadhaa. Mwaka 2022 Cloudflare, kampuni ya kulinda tovuti, iliacha kulihudumia jukwaa la Kiwi Farms baada ya watu kutishiwa maisha. Tovuti ya habari za Kisenyi haiko karibu na mambo hayo, ila mwenye tovuti ajue kwamba hata hapo yupo aliye juu yake.

Mzigo wa pili ni UCC. Kwa nguvu ya Sheria ya Mawasiliano ya 2013, tume hiyo iliwataka wachapishaji wa mtandaoni wajisajili 2018, ikarudia Septemba 2020 na kuwapa hadi tarehe 5 Oktoba. Mwito ulihusu magazeti ya mtandaoni, redio na televisheni za intaneti, hata wanaoandika peke yao. Mimi nakuona kujisajili ni mzigo usio wa lazima kwa anayeandika habari za kata moja, na watetezi wa haki wamesema hivyo kwa sauti. Hata hivyo ukiwa na tovuti ya habari na kuna mtu mkubwa asiyekupenda, kutosajiliwa ndiko atakakoanzia.

Mzigo wa tatu hausemwi sana. Ukiwa na tovuti, sasa mwenye mtandao ni wewe. Wasomaji wataandika maoni, mmoja atamtukana jirani kwa jina, na utakapoyafuta atasema umembana. Huna wajibu wa kuchapisha kila linalotumwa, kama mhariri wa gazeti asivyo na wajibu huo. Unao wajibu wa kusema mapema utafuta nini, na kukifuta hata kikiandikwa na rafiki yako. Ukikusanya namba au barua pepe za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu pia. Kama huna muda wa kusoma maoni kila siku, yafunge. Ni afadhali tovuti isiyo na maoni kuliko yenye maoni yasiyo na mwenyewe.

Nani aende wapi

Akina mama wa Busia wabaki kwenye kundi la WhatsApp, maadmini wawe watatu kutoka masoko tofauti, ili mmoja akimtoa mtu kwa hasira wenzake waweze kumrudisha. Hawana haja ya umma. Wanahitaji bei ya dola na habari za forodha. Wakizidi watu 1,024, wagawanye makundi kabla ya kufikiria chaneli.

Mwalimu wa Arua aende YouTube. Hasemi la kumgombanisha na mtu, kanuni zinaeleweka, masomo yatakaa miaka, na wanafunzi wa Kenya na Kongo watayapata bila VPN. TikTok aitumie kwa vipande vya kuvutia watu tu. Nyimbo za wengine asiziguse, hata taarabu aipendayo.

Mwenye malalamiko dhidi ya ofisi ya umma, barabara mbovu au zahanati isiyo na dawa, aende X akiwa na picha na tarehe, na aandike kuhusu kitu badala ya mtu. Shimo halina familia itakayofungua mashtaka. Picha hizo azihifadhi pia nje ya X.

Wakongomani wa Nakivale wangenisumbua kidogo. Ndugu zao wako Goma na Uvira, na Facebook inawafikia. Wao wenyewe hapa wanahitaji VPN. Ningewapa kundi la WhatsApp kwa mambo ya kambini na ukurasa mmoja wa Facebook unaosimamiwa na mtu aliyeko nje ya Uganda, na kwenye kundi ningepiga marufuku kuweka vitambulisho vya watu na majina ya walioko safarini. Huo ni ubanaji wa usemi na nauunga mkono.

Vijana wa Kisenyi wanahitaji vitu vitatu, na hapo ndipo pa kutoa pesa. Tovuti iliyosajiliwa iwe makao, maoni yakiwa yamefungwa mpaka wapate mtu wa kuyasoma. Chaneli ya WhatsApp iwe ya kusukuma viungo, si ya kuhifadhi habari. X wawe nayo kwa kuwafikia waandishi wenzao. Kila mwezi wapakue nakala ya tovuti nzima kwenye diski iliyo mikononi mwao, na waombe wasomaji namba za simu kwa hiari. Facebook ningewaambia wasiiguse kwa sasa. Wakianza kupata wasomaji wa Mombasa na Bukavu, waiongeze.